Siku Arobaini Kwenye Ngumi ya Mtoto

Kwetu San Onésimo, Mtoto Yesu huzaliwa saa kumi jioni. Kwingine humsubiri mpaka usiku wa manane, lakini padri wetu ana parokia tatu na gari moja bovu, kwa hiyo Bikira hujifungua kwanza kwetu, kisha kule mtoni, kisha mjini. Hakuna aliyewahi kulalamika. Saa kumi na nusu tunakuwa tumeshaimba, na saa kumi na moja wanawake wamerudi jikoni kugeuza nyama.

Mtoto mwenyewe ni wa mti, urefu wake dhiraa moja, macho ya kioo, mikono ameinyoosha mbele na viganja viko wazi. Mwaka mzima hukaa kwa doña Hermila Cisneros, mjane, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, katika nyumba inayotazamana na mashine ya kusaga. Siku ya Krismasi wasimamizi wawili humbeba kwenye kitambaa cheupe kutoka mlangoni mwa kanisa na kumlaza kwenye nyasi za hori. Desturi ni mume na mkewe. Doña Hermila ana orodha, na waliokwisha kusimamia hukatwa kwa wino mwekundu. Mwaka ule yalibaki majina mawili tu ambayo hayajakatwa: Nicandro Ávalos, kinyozi, miaka arobaini na minne, na Heladio Tiscareño, mwenye mashine ya kusaga, miaka arobaini na mmoja. Walibaki kwa sababu wengine wote walikatwa wawiliwawili, kadiri walivyooana.

"Si ndio hawa waliobaki?" doña Hermila aliuliza kamati, na kamati ikasema ndio hawa.

Kuna jambo moja la kujua. Mume na mke wakimbeba Mtoto hubaki mume na mke. Watu wengine wowote wakimbeba pamoja huwa makompadre, na ukompadre haufutiki mpaka kaburini. Makompadre kwetu huheshimiana kama wakwe. Hawataniani, hawaitani kwa majina, na wakikutana njiani huvuliana kofia. Kuhusu makompadre kulala pamoja, hiyo ni dhambi ambayo padri haitaji hata wakati wa Kwaresima, kwa kuwa anaamini hakuna anayehitaji kukatazwa.

Wote wawili walijaribu kukataa. Nicandro alisema mgongo unamsumbua. Heladio alisema hawezi kuiacha mashine.

"Mtoto ana uzito wa kuku," doña Hermila aliwajibu. "Saa kumi kasorobo muwe mmeshaoga, na kucha ziwe safi."

Ukweli ni kwamba walikuwa wanaogopana. Nicandro aliwahi kupenda mara moja, dereva wa lori la vitunguu wa Irapuato, miaka sita, na mwisho akapokea kwa posta kadi ya harusi yenye herufi za dhahabu. Nyuma yake dereva alikuwa ameandika kwa mkono, "Njoo bwana, utatunyoa." Tangu hapo Nicandro alinunua kila kitu kimojakimoja: kikombe, mto, kiti cha kulia chakula. Heladio yeye alikaa miaka kumi na mmoja mji mkuu na mwanamume aliyempenda. Mtu huyo alipofariki, ndugu zake walikuja na gari wakapakia kitanda na shuka zake juu, wakamuuliza Heladio alikuwa nani kwa marehemu, naye akajibu, "Mpangaji." Alirudi kwenye mashine ya mama yake na begi moja, na neno lile likabaki limemkaba kooni.

Wenye kumbukumbu wanasema Heladio alikuwa akinyolewa ndevu kila Jumamosi kwa Nicandro, mpaka Jumamosi moja mkono wa kinyozi ulipokaa shavuni mwake muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Jumamosi iliyofuata Heladio alianza kujinyoa mwenyewe, vibaya, na kwa miaka miwili alitembea na mikwaruzo kidevuni. Walikuwa wakisalimiana kwa kidevu kutoka ng'ambo ya uwanja, basi.

Saa kumi kamili siku ya Krismasi waliingia na Mtoto. Kwaya iliimba, watu wakapiga magoti. Wasimamizi wakainama horini kumlaza, na hapo Mtoto akafunga mikono. Ngumi ya kulia ilishika kidole cha shahada cha Nicandro, cha mkono wa kushoto. Ngumi ya kushoto ilishika cha Heladio, cha mkono wa kulia. Walivuta. Mtoto alikuja navyo.

"Hataki kulala," alisema doña Hermila.

Padri alitazama saa yake. Kule mtoni walikuwa wameshapiga kengele ya kwanza. "Siku ya Kandelaria, sikukuu ya mishumaa, hutolewa horini na kusimamishwa kitini," alisema. "Ataachia siku hiyo. Ni siku arobaini tu. Msimlaze chali, atapoteza rangi ya mgongoni." Akatoa baraka, akapanda gari lake, likasukumwa mpaka likawaka.

Lililoleta ubishi kidogo ni nyumba. Kwa Nicandro kulikuwa na kila kitu kimojakimoja, kwa hiyo kamati iliamua waende kwa Heladio, mashineni, ambako kulikuwa na kitanda kipana cha marehemu mama. Doña Hermila alileta blanketi na mto mrefu.

"Mto huu uwe katikati," alisema. "Mtoto asije akabingirika."

"Sawa, doña Hermila," walijibu kwa pamoja, kama watoto wa shule.

Siku za kwanza walikasirikiana kwa adabu. Mmoja akienda chooni, mwenzake alisimama nje ya pazia akitazama ukuta, mkono ameupitisha ndani. Mashati yote yalikatwa mshono wa bega, doña Hermila akashona vifungo ili waweze kuvaa bila kumvua Mtoto. Alfajiri mashine iliwashwa, maana wanawake hufika na ndoo za mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa kabla jua halijatoka. Heladio alimimina kwa mkono wa kushoto, Nicandro akapokea unga mbichi kwa mkono wa kulia, na Mtoto alining'inia katikati yao, uso umejaa unga.

"Mtoto kalalaje?" wanawake waliuliza.

"Salama."

"Na nyie?"

"Salama tu."

Mchana walivuka uwanja kwenda kwenye duka la kinyozi. Mkasi ulikuwa mkononi mwa Nicandro, kitana mkononi mwa Heladio. Mara ya kwanza walimharibu mtu, wakamwacha na upara wa kisogoni kama sahani. Wiki ya pili walikuwa wakinyoa vizuri kuliko Nicandro alivyonyoa peke yake, kwa kuwa kitana kilifika mahali kabla mkasi haujaomba. Watu walianza kuja hata kama nywele hazijaota.

"Kinyozi," alitania don Melitón, mchonga sanamu, akiwa kitini na shuka shingoni, "huyu kompadre wako anakusikiliza kuliko mke ambaye hukumwoa."

"Tulia, don Melitón. Sikio lako liko jirani na mkasi."

"Natulia, natulia. Ila nasema kweli."

Kijiji kizima kilicheka, na kicheko kilikuwa cha upendo, sina sababu ya kusema uongo. Watu waliwapisha njiani. Waliwatengea benchi kanisani. Siku ya Wafalme watatu waliwakatia mkate mmoja mkubwa ili wale pamoja. Hakukuwa na mtu San Onésimo aliyeona ajabu wanaume wawili kukaa nyumba moja, kulala kitanda kimoja na kuulizana kama chumvi imetosha, mradi ngumi za Mtoto zimefungwa.

Na wao wakazoea. Nicandro aligundua kwamba Heladio huongea na mashine yake kabla ya kuiwasha, kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha mgonjwa. Heladio aligundua kwamba Nicandro hawezi kula yai bila kulinusa. Siku moja, wakimenya viazi kila mtu na mkono wake mmoja, Heladio alilitoa lile neno kooni. Alisimulia kitanda kilivyopakiwa, shuka zilivyoburutwa ngazini, na alivyojibu.

"Ungewaambia nini?" Nicandro aliuliza.

"Sijui. Ningesema hata jina langu tu."

Nicandro akamenya kiazi cha Heladio pia. Usiku ule mto mrefu ulianguka chini ya kitanda, na asubuhi hakuna aliyeuokota.

Jumanne moja ya katikati ya Januari, Nicandro alikuwa akimpangusa Mtoto unga usoni. Alihisi ngumi ya kulia imelegea. Alivuta kidole kidogo, kikaja. Alikivuta chote, akakitazama. Kilikuwa cheupe na chembamba, kama kidole cha mtu mwingine. Heladio alikuwa ametazama dirishani. Nicandro alikirudisha kidole kilipokuwa, akaendelea kupangusa.

Alhamisi Heladio naye alikuta ngumi ya kushoto iko wazi. Alifanya vilevile.

Kwa siku tisa walitembea hivyo, kila mmoja akiamini ni yeye tu aliyeachiwa na mwenzake bado amefungwa. Kila mmoja alikuwa na furaha na aliona haya kwa furaha hiyo. Nicandro alijiona mwizi. Heladio alikuwa akiamka mapema kuhakikisha kidole chake hakijatoka ngumini usiku.

Siku ya kumi, asubuhi, doña Hermila aliinama kuchukua ndoo yake, na ncha ya mtandio wake ikanaswa na mkanda wa mashine. Mashine ile ina nguvu, iliwahi kula mkono wa baba yake Heladio. Heladio aliruka akaushika mtandio kwa mikono yote miwili. Nicandro alimlaza Mtoto juu ya gunia, akazima swichi kwa mkono mmoja na kumvuta doña Hermila kwa mwingine. Mkanda ukasimama. Wote watatu walibaki wamesimama, wanahema. Mikono minne ilikuwa hewani, na Mtoto alikuwa juu ya gunia la pembeni, viganja viko wazi, anatazama dari.

Doña Hermila alikunja mtandio wake polepole. Aliwatazama vidole. Kisha akainua ndoo.

"Umechanika kidogo tu," alisema. "Mchukueni Mtoto, atapata baridi."

Akavuka barabara akaingia kwake.

Heladio ndiye aliyeongea kwanza. "Tangu lini?"

"Jumanne ya wiki ile."

"Mimi Alhamisi."

"Na umekaa tu?"

"Wewe je, hukukaa?"

Walitazamana. Nicandro alianza kucheka, akashindwa kunyamaza, na Heladio akamshika shavu, akauacha mkono pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Halafu wakakumbuka mlango uko wazi. Kila mmoja alitia kidole kwenye ngumi yake, wakawasha mashine.

Kuanzia hapo wakawa wafungwa kwa hiari yao. Nyumbani, mlango ukifungwa, Mtoto aliwekwa kwenye kiti, akafunikwa mabega kwa blanketi, nao walitumia mikono yote minne. Mtu akibisha hodi walikimbilia kurudisha vidole ngumini. Doña Hermila aliendelea kuwaletea supu kila Jumapili, na siku zote alibisha hodi kwa muda mrefu kabla ya kuingia.

"Kandelaria ikifika tutafanyaje?" Nicandro aliuliza zikiwa zimebaki siku tatu.

"Tutasema amekataa kuachia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuzeeke. Nani atambishia Mtoto?"

"Na tukisema tu kwamba tunataka?"

Heladio alifikiri sana. Alikuwa mtu mwenye hamu ya kusema, na hamu ile ilimtisha. "Wewe utasema?"

"Ukisema wewe, nitasema."

"Basi na mimi hivyohivyo. Ukisema wewe."

Wakapatana hivyo, na kila mmoja alilala akimtegemea mwenzake.

Siku ya Kandelaria kanisa lilijaa. Tamale, vimkate vya unga wa mahindi, zilikuwa zikifuka mvuke kwenye sufuria uani, za pilipili na za zabibu kavu. Mtoto alivalishwa kanzu mpya ya hariri na viatu vya kufuma, kiti chake kidogo cha dhahabu kikawekwa mbele ya altare. Padri alisoma sala. Wasimamizi wakainama kumsimamisha, na vidole vikabaki kwenye ngumi.

"Vuteni," alisema padri.

Walivuta kwa uangalifu sana, wasije wakavitoa.

"Amekataa," alisema Heladio.

Padri alitazama saa yake. Kule mtoni walikuwa na Mtoto wao na tamale zao zinapoa. Alimwita don Melitón, naye akasogea na msumeno mwembamba kama waya, uliofungwa ndani ya kitambaa. Kamati ilikuwa imeshalizungumza jambo hili mapema.

"Nitakata vidole vyake vinne tu, viwili huku, viwili kule," don Melitón alieleza. "Kesho nachonga vipya vya mwerezi. Mwaka kesho hakuna atakayejua."

Aliweka msumeno kwenye kidole kidogo cha Mtoto na kuuvuta mara moja kupima. Unga mwekundu wa mti wa zamani ulianguka kwenye hariri.

Kilichotakiwa kusemwa kilikuwa kifupi. Mkono uko wazi. Tuko hapa kwa kupenda kwetu. Nicandro alimsubiri Heladio, Heladio akamsubiri Nicandro, na msumeno ukavutwa mara ya pili. Nicandro akafungua mdomo. Doña Hermila alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake na bakuli la tamale kifuani, na aliuona mdomo ule ukifunguka kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisogea, akaongea kwa upole, chini kabisa, kama anayemwombea.

"Usinifanyie hivi, mwanangu. Mbele za watu."

Nicandro alimtazama. Huyu ni mwanamke aliyemshonea mashati saba. Halafu akatazama macho mia mbili nyuma yake, macho yaleyale yaliyocheka naye kinyozini, na akaona yanangoja kuambiwa ni nini hasa yamekuwa yakikipenda. Alitoa kidole chake.

"Ameniachia," alisema.

Kengele zilipigwa. Fataki zililipuka uani, mtu akapiga yowe la furaha, wanawake wakajifuta machozi. Don Melitón alifuta msumeno wake kwa suruali, akamgeukia Heladio.

"Na wewe?"

Heladio hakuwa anamtazama yeye. "Mimi bado," alisema.

"Vuta basi."

"Mimi bado."

Padri alikohoa. Nicandro alikuwa ameinamisha uso, ameshika kidole chake cheupe ndani ya mkono wa kulia, na ingawa kila mtu alimpisha nafasi ya kusema, hakusema. Heladio alingoja kiasi cha kuhesabu mpaka ishirini. Alipoona hakuna kitu, alikitoa kidole taratibu, bila kuvuta, kila mtu aone kwamba hakikuwa kimeshikwa. Waliokuwa mbele waliona vizuri. Walipiga makofi.

Padri aliwasimamisha uso kwa uso na kuwatangaza makompadre. Walipeana mkono kwa heshima, mkono wa mbali, wa watu wasiotaniana.

"Kompadre," alisema Heladio.

"Kompadre," alisema Nicandro.

Walikula tamale kwenye meza mbili tofauti, maana kila upande ulimtaka mmoja wao asimulie Mtoto alivyokuwa akimshika.

Siku ya nne baada ya Kandelaria, saa tano asubuhi, Nicandro alifunga duka lake la kunyolea na kuvuka uwanja. Hakuwa amekula tangu juzi. Alikuwa ameazimia kuingia mashineni na kusema lile alilotakiwa kusema, hata kama ni mbele ya ndoo na wanawake. Doña Hermila alikuwa ameketi kivulini mlangoni kwake, anatoa mahindi kwenye gunzi, na alimwona akija kwa mbali.

"Unakwenda wapi, don Nicandro?" aliuliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemtakia mwenzake mema. "Si mmeshaachiliwa?"

Mlango wa mashine ulikuwa wazi. Ndani mtu alikuwa anafagia, na ufagio ukanyamaza.

"Napita tu, doña Hermila."

"Pita, baba, pita."

Akasogeza kiti chake nyuma kidogo kumpisha, ingawa njia ilikuwa pana. Nicandro akapita. Alikwenda mpaka mwisho wa barabara ile, ambako kuna ukuta wa makaburi na hakuna pengine pa kwenda, akageuka, na kwa kuwa ndiyo barabara pekee, alirudi akipita mbele ya mlango uleule.

"Umesharudi?" alisema doña Hermila.

"Nimesharudi," alijibu, akavua kofia kuelekea mlango wa mashine, kama inavyompasa mtu kwa kompadre wake, akaenda zake kufungua duka lake.